Kozi ya Mitandao: Mzazi, Nunua Ujuzi, Usinunue Cheti

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, miji yetu huvaa mabango mapya. Ukutani, kwenye nguzo za stima na hata migongoni mwa matatu, vyuo hushindana kuwaita vijana: njoo ujisajili, nafasi ni chache, kazi inakungoja. Miongoni mwa kozi zinazonadiwa sana siku hizi ni ile ya mitandao ya kompyuta, yaani ujuzi wa kuziunganisha mashine ili zipokezane habari na kuifikia intaneti. Mzazi huiona picha ya kijana aliyefunga tai akitabasamu mbele ya kabati lenye nyaya na taa za kumetameta, naye huanza kuhesabu alicho nacho. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara hii ya elimu, mpenzi msomaji, kizuri na kibaya vyote hujitembeza, tena kwa mabango ya rangi moja.

Ujuzi wenyewe una soko, na hilo halina ubishi. Kabla ya mwaka wa 2009 Kenya ilitegemea setilaiti ili kupata intaneti ya ng'ambo, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia chini ya Bahari Hindi, na ile ya EASSy ikafuata mwaka wa 2010. Tangu hapo faiba imepenya hadi mitaa ya kawaida. Leo Sacco, hospitali, hoteli, shule, na hata jumba la kupangisha lenye vyumba ishirini huhisi pigo mtandao ukikatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, watu katika Kenya, Uganda na Tanzania waliona intaneti ikizorota, na biashara nyingi zikayumba. Waya wa baharini una meli zake za kuukarabati. Waya wa zahanati, wa shule na wa dukani unamhitaji kijana wetu.

Basi swali si kama ujuzi huu unafaa. Swali ni wapi pa kuupata bila kumaliza mali ya jamaa yote. Swali hilo lilibisha hodi kwetu mlango ule ule unaobishwa na maswali yote ya karo.

Dada yangu ni mkulima wa viazi huko Molo. Binti yake alipata alama ya C ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne, na tangu utotoni amekuwa mtu wa kufungua redio ili aone sauti inatoka wapi. Alitaka kusomea mitandao. Mamake aliuza mtamba kwa shilingi 55,000, akaongeza zamu yake ya chama, shilingi 30,000, zikawa 85,000. Nyuma ya binti huyo kuna wavulana wawili ambao bado wako shuleni.

"Kaka," aliniambia, "pesa hizi ni za mara moja. Zikipotea, huyu mtoto atarudi kuchimba viazi nami, na wadogo zake sitakuwa na la kuwapa. Wewe uko hapo Nakuru. Tembea naye, mwone kwa macho."

Hata kabla hatujaanza kutembea, nyumba haikuwa na sauti moja. Mamangu mzazi aliuliza ni msichana gani atakayepanda ngazi kupitisha waya darini mbele ya wanaume. Mpwa wangu alimjibu kwa adabu, "Nyanya, mabati yako yakivuja, ni nani hupanda juu kuyapigilia misumari?" Mzee aliguna, akacheka, na mjadala huo ukaishia hapo. Lakini mjadala wa pesa haukuisha, na ndio ulionifanya niwe makini. Karo inayolipwa kwa ng'ombe haifai kulipwa kwa haraka.

Tulianza na watu wanaoifanya kazi hiyo, kisha tukaenda vyuoni. Nawashauri wazazi wenzangu wafuate mpango huo. Mwenye chuo atakueleza anachouza, lakini mwenye kazi atakueleza kinachohitajika. Katika hospitali moja ninakopitia mara kwa mara kuna mama anayesimamia mitandao ya kompyuta. Nilimwomba dakika kumi za mapumziko yake ya chai, akatupa karibu saa nzima.

Alimtazama mpwa wangu akasema, "Mwanangu, kijana akija kwangu kutafuta kazi, cheti chake nakisoma baadaye. Kwanza nampa kipande cha kebo, plagi mbili na koleo la kubania, nimwambie anitengenezee waya unaofanya kazi."

Kisha alitueleza. Ndani ya kebo ya kawaida ya mtandao mna nyaya nane ndogo, zilizosokotwa jozi nne. Hupangwa kwa utaratibu maalumu: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kisha kahawia. Ukikosea mpango, waya hutazamika vizuri kwa nje, lakini taa za testa zitakuumbua. Kebo ya aina hiyo haipaswi kupita mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukizidisha, mawasiliano huanza kuyumba. Fundi asiyejua hilo huivuta kebo kutoka lango la shule hadi maabara ya mbali, kisha hulaumu kompyuta.

Baada ya mikono, huja akili. Kila mashine mtandaoni ina anwani yake, mithili ya nambari ya sanduku la posta. Ruta hufanya kazi kama afisi ya posta inayopanga barua: huitazama anwani na kuamua mzigo upitie njia gani. Swichi huunganisha mashine za mahali pamoja. Tena kuna seva inayotunza majina, ili mtu aandike jina la benki yake nayo imtafutie nambari. Yule mama alichukua karatasi akampa mpwa wangu hesabu: mtandao una anwani 256, nasi tunataka kuugawa mafungu manne sawa, moja la wodi, moja la maabara, moja la famasi na moja la uhasibu. Kila fungu litakuwa na anwani ngapi? Msichana akajibu 64. "Vyema," mama akasema, "lakini mbili hazipewi mashine yoyote, moja ni jina la fungu lenyewe, na nyingine ni ya kutangazia wote. Zinabaki 62. Chuo kitakachokufundisha kwa nini zimebaki 62, hicho kitazame mara mbili. Kitakachokwambia ukariri tu, kiache."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa dira yetu. Yalinikumbusha pia miaka ya tisini, wakati vyuo vya kompyuta vilipochipuka kila mtaa. Watu waliuza mbuzi ili wajifunze WordPerfect na Lotus 1-2-3, wakapewa vyeti vyenye muhuri wa dhahabu. Baada ya miaka michache afisi nyingi zilihamia programu nyingine. Aliyekuwa amekariri vibonyezo alibaki na cheti ukutani, ilhali aliyeelewa jinsi barua inavyopangwa na jinsi hesabu zinavyokaa katika jedwali alihama pamoja na afisi yake bila tabu. Vifaa huzeeka, lakini maarifa ya msingi hayazeeki haraka.

Chuo cha kwanza tulichozuru kilikuwa ghorofani, juu ya maduka, chenye viti laini na maji baridi ya kunywa. Binti wa mapokezi alitukaribisha kwa bashasha. Karo ilikuwa shilingi 78,000 kwa miezi minne. Lakini bango lililokuwa nyuma yake lilikuwa na mambo mawili yaliyonishtua kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Kwanza, lilitangaza MCSE, cheti cha Microsoft ambacho kampuni hiyo ilikistaafisha tarehe 31 Januari 2021. Pili, chini ya CCNA, yaani cheti cha msingi cha mitandao cha kampuni ya Cisco, liliandikwa mtihani nambari 200-125. Mtihani huo ulifikia kikomo Februari 2020, na mahali pake pakaja ule wa 200-301, ambao nao ulifanyiwa marekebisho Agosti 2024. Chuo ambacho hakijabadilisha bango kwa miaka yote hiyo, je, kimebadilisha masomo?

Mpwa wangu aliomba kuona maabara. Tulipelekwa katika chumba chenye kompyuta safi zilizopangwa kwa safu. Ruta mbili na swichi moja zilikuwa ndani ya kabati la kioo, nalo limefungwa kufuli.

"Wanafunzi huzigusa lini?" niliuliza.

"Wakati wa mafunzo ya vitendo," tukajibiwa.

"Na hayo huwa siku gani?"

"Idadi ikitimia."

Kuhusu ada ya mtihani wa CCNA wenyewe, tuliambiwa kwamba hiyo ni juu ya mwanafunzi. Mtihani huo hutozwa dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, hizo ni shilingi 38,700. Ukijumlisha na karo, unapita 116,000, na dada yangu alikuwa na 85,000. Msichana angesoma miezi minne kisha akose nauli ya kufika kwenye mtihani wenyewe.

Hapo ndipo binti wa mapokezi alipotupa chambo. Tukilipa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni, karo ingepunguzwa kwa shilingi 10,000. Niliona macho ya mpwa wangu yakimetameta. Wasichana wawili waliosoma naye walikuwa wamelipa tayari. Tuliaga, tukateremka ngazi. Ndani ya matatu hakusema kitu hadi tulipokaribia nyumbani. "Mjomba," akasema kwa sauti ya chini, "wenzangu wataanza Jumatatu." Sikuwa na jibu tamu la kumpa. Nilimwambia kwamba kuanza Jumatatu ni jambo moja na kumaliza ukiwa na kazi mikononi ni jingine, na kwamba mamake hana mtamba wa pili. Alinyamaza. Najua usiku huo alilia, kwa maana asubuhi macho yake yalikuwa mekundu. Mzazi anayemkatalia mtoto jambo zuri la haraka ili ampatie jambo zuri la polepole ajue kwamba siku hiyo hatashukuriwa.

Chuo cha pili kilikuwa na bei nafuu, shilingi 45,000, na ahadi kubwa: stashahada ya kimataifa kwa majuma kumi. Nilimwomba msimamizi anionyeshe cheti cha usajili kutoka TVETA. Msomaji, kumbuka herufi hizo. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka wa 2013 iliunda mamlaka hiyo, na chuo cha mafunzo ya kiufundi hakiruhusiwi kufunza bila kusajiliwa nayo. Msimamizi alisema stakabadhi "inashughulikiwa". Nasi tukamshukuru, tukaenda zetu. Hata kama angekuwa mwalimu hodari kuliko wote, stashahada ya majuma kumi ingemfikisha wapi mtoto wa mwenzetu mbele ya mwajiri anayejua kuhesabu?

Cha tatu kilikuwa chuo cha kiufundi cha umma. Hapakuwa na viti laini. Rangi ya ukuta ilikuwa imechubuka, na foleni ya afisi ya usajili ilifika nje. Lakini tulipochungulia karakana tulikuta wanafunzi wamepiga magoti sakafuni, kebo zimetapakaa, kila mtu ana koleo. Mkufunzi alikuwa akiwapitia mmoja mmoja na testa mkononi. Mpwa wangu alimuuliza lile swali la anwani 62. Mkufunzi alicheka, akachukua chaki, akatueleza wazi kiasi kwamba hata mimi nilielewa. Hakuficha upungufu wake. Alisema ana wanafunzi arobaini na ruta sita, hivyo hugawana zamu, na kwamba masomo ya stashahada huchukua muda mrefu kuliko ya vyuo vya mjini, tena kuna miezi ya kwenda kazini kupata mazoezi.

Hapa yafaa nieleze tofauti ya vyeti, maana wengi hutiwa ukungu machoni papo hapo. Kuna vyeti vya aina tatu. Cha kwanza ni cha kuhudhuria au kumaliza kozi, ambacho chuo chenyewe hukupa. Chaonyesha ulikuwapo. Cha pili ni cha taifa, kwa mfano vile vinavyotolewa na baraza la TVET CDACC, ambapo ngazi ya 6 ndiyo stashahada na ngazi ya 5 ni ile iliyo chini yake. Kwa kawaida mwenye C ya kutoa hustahili kuomba ngazi ya 6, na mwenye D ngazi ya 5. Hapo mwanafunzi hupimwa kwa kutenda, si kwa kuandika tu. Cha tatu ni cha kampuni au chama cha kimataifa cha tasnia hii, kama CCNA ya Cisco au Network+ ya CompTIA. Mitihani hiyo hufanywa katika vituo vya Pearson VUE, nacho cheti hudumu miaka mitatu kabla ya kuhitaji kufanywa upya. CCNA huegemea vifaa vya Cisco. Network+ hugusa misingi bila kufungamana na kampuni moja.

Chuo kikikwambia "tunatoa CCNA", uliza: mnatoa mafunzo, au mnatoa mtihani? Kwa hakika chuo hakiwezi kumpa mtu CCNA. Kinaweza kumtayarisha tu. Vijana wengi hupeleka kwa waajiri karatasi ya kumaliza mafunzo ya CCNA wakidhani ndiyo CCNA yenyewe, na mwajiri mjuzi huitambua mara moja.

Kuna jambo jingine ambalo yule mama wa hospitalini alitudokezea, na ambalo halikuandikwa katika bango lolote. Cisco ina mpango wa mafunzo uitwao Networking Academy, ulioanza mwaka wa 1997. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kujisajili na kusoma masomo ya mwanzo ya mitandao bila malipo, na pia kupata programu iitwayo Packet Tracer. Programu hiyo huigiza mtandao mzima kwenye kioo cha kompyuta: unaweka ruta, unavuta kebo, unatoa anwani, kisha unatuma ujumbe na kuutazama ukisafiri au ukikwama. Haiwezi kukufunza kubana plagi, kwa maana vidole havijifunzi kwa picha. Lakini itakuonyesha kama kazi hii unaipenda au umependa tai ya yule kijana wa bangoni.

Basi tulikaa kikao Molo, mimi, dada yangu, nyanya na mwenye shauri mwenyewe, tukazigawa zile shilingi 85,000 kwenye karatasi. Shilingi 18,000 zilinunua kipakatalishi kilichokwisha kutumika, baada ya fundi ninayemwamini kukikagua. Shilingi 2,500 zilinunua koleo, testa, plagi na kebo. Shilingi 3,000 ziliwekwa za bando. Shilingi 39,000 ziliingia katika akaunti ya Sacco ya dada yangu, zikaandikwa jina la mtihani, na ikaamuliwa kwamba haziguswi hata viazi vikikosa bei. Zilizosalia, 22,500, zikawa za kuanzia katika chuo cha umma, huku akiomba mkopo wa HELB kama wanafunzi wengine wa vyuo hivyo.

Kwanza, hata hivyo, alikaa nyumbani miezi miwili akisoma yale masomo ya bure. Dada yangu alikuwa na wasiwasi. Aliniuliza kwa simu, "Kaka, una hakika huyu anasoma? Mbona namwona ameinamia kitu hicho mpaka usiku?" Nilimwambia amwombe binti amfunze somo moja kwa maneno ya nyumbani. Siku mbili baadaye dada yangu, ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba, alinieleza kwenye simu kwamba ruta ni kama yule karani wa posta wa zamani pale Molo aliyekuwa akijua kila kijiji na matatu yake. Hapo niliona kwamba mwanafunzi ameelewa, kwa sababu aliyekariri hawezi kumfahamisha mwingine.

Kebo yake ya kwanza ilikataa. Taa ya sita haikuwaka. Aliikata plagi, akaanza upya, ikakataa tena. Ya tatu iliwaka zote nane, naye akapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kumetokea nini. Plagi ni shilingi chache; afadhali ziharibike jikoni kwa mamake kuliko katika hospitali yenye wagonjwa.

Sasa yuko chuoni, mwaka wa pili. Mambo hayakunyooka yote. Ruta sita bado ni sita, na kuna juma ambalo zamu yake haikufika. Mkopo ulichelewa, ikabidi viazi viuzwe mapema kwa bei mbaya. Mtihani wa CCNA hajaufanya, na zile 39,000 zingali katika Sacco zikimngoja atakapokuwa tayari. Wale wasichana wawili walioanza Jumatatu ile walimaliza zamani. Mmoja anauza simu dukani, na mwingine amekuja kuomba asome pamoja na mpwa wangu jioni, kwa kuwa hakuwahi kuishika ruta hata mara moja. Wamekuwa wakisoma pamoja, na mimi sioni la kumcheka. Pesa za wazazi wake nazo zilitoka jasho.

Mzazi mwenzangu, nikuachie maswali machache ya kubeba mfukoni siku utakapomsindikiza mtoto. Chuo hiki kimesajiliwa na TVETA, na stakabadhi iko wapi? Mwisho wa kozi ni cheti gani kati ya vile vitatu? Mtihani una nambari gani, na je, nambari hiyo ndiyo inayotumika mwaka huu? Karo inajumuisha ada ya mtihani, au hiyo ni gharama nyingine? Kwa juma moja mwanafunzi hushika vifaa saa ngapi, na vifaa ni vingapi kwa wanafunzi wangapi? Mkufunzi mwenyewe amewahi kufanya kazi hii wapi? Wahitimu wa mwaka jana wako wapi, nami naweza kuzungumza na mmoja wao?

Uliza mbele ya mtoto, ili naye ajifunze kuuliza. Chuo chenye kitu cha kutoa hakitakasirika; kitakufungulia mlango wa karakana. Ukiambiwa lipa leo kabla ya saa kumi jioni, nenda nyumbani ukanywe chai. Na kabati la vifaa ukilikuta limefungwa kufuli, usitoe hata shilingi moja mpaka uone ufunguo, na umwone mwanafunzi anayeruhusiwa kuutumia.